Mahakama wameipata, chama kimewaponyoka

Tarehe 8 Julai 2024, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Milwaukee, kamati ya ilani ya chama hicho ilikutana faragha na kupitisha ilani ya kurasa 16. Aliyezoea ilani za Republican alijua mara moja kwamba kilichopungua si kurasa tu. Tangu enzi za Ronald Reagan, ilani za chama hicho zilidai katiba ya nchi irekebishwe ili kiumbe kilichomo tumboni kilindwe na sheria kama mtu mwingine yeyote. Safari hii dai hilo halikuwemo. Badala yake kulikuwa na fungu fupi linalosema suala la utoaji mimba liamuliwe na majimbo, na kwamba chama kinaunga mkono uzazi wa mpango na upandikizaji mimba kwa njia ya maabara. Tony Perkins, kiongozi wa Family Research Council, jumuiya ya Wakristo wahafidhina, na mjumbe wa kamati hiyo, alilalamika kuwa wajumbe hawakupewa nafasi ya kujadili. Mike Pence, makamu wa rais wa zamani na mlokole asiyeficha ulokole wake, alisema ilani hiyo imemvunja moyo.

Miezi minne baadaye, wazungu wanaojitambulisha kuwa Wakristo wa kiinjili walikwenda kupiga kura. Takriban wanane katika kila kumi walimpa Donald Trump, ambaye watu wake ndio walioiandaa ilani ile.

Kwetu Afrika Mashariki habari za dini katika siasa za Marekani hutufikia zikiwa na moja kati ya sura mbili. Kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisani, Trump ni chombo cha Mungu na Marekani inamrudia Muumba wake. Kwenye mazungumzo ya wasomi, Marekani imetekwa na wahubiri wa televisheni. Pande hizi mbili hazipatani kwa lolote isipokuwa jambo moja: zote zinaamini kwamba wachungaji ndio walioshika usukani. Mimi naona sivyo, au niseme sivyo tena. Nguvu ya kundi katika siasa haipimwi kwa jinsi mkubwa anavyoliita ikulu na kupiga nalo picha huku wameinamisha vichwa. Inapimwa kwa mambo ambayo mkubwa angependa kuyafanya, akaacha kwa kuliogopa kundi hilo. Kwa kipimo hicho, mrengo wa kulia wa Kikristo uliwahi kuwa na nguvu kubwa sana, ukaitumia vizuri, ukapata ulichokuwa unakitafuta kwa nusu karne, kisha ukajikuta hauna tena cha kumtishia nacho mtu.

Ili kuelewa jinsi hali hiyo ilivyokuja, inabidi kurudi Lynchburg, mji mdogo wa Virginia. Machi 1965, siku ambazo Martin Luther King na wenzake walikuwa wakiandamana kutoka Selma kwenda Montgomery, mchungaji Jerry Falwell wa kanisa la Thomas Road Baptist alihubiri kwamba watumishi wa Mungu hawakuitwa kuwa wanasiasa, waliitwa kuvuna roho. Maneno hayo yalikuwa kijembe kwa wachungaji weusi waliokuwa barabarani. Mwaka 1967 Falwell huyo huyo alifungua shule ya Kikristo, na gazeti la mji likaitangaza kuwa shule binafsi kwa ajili ya wanafunzi wa kizungu. Mwaka 1979 alianzisha Moral Majority, jumuiya iliyokuwa na kazi moja tu, kuwaingiza Wakristo wahafidhina kwenye siasa. Miaka 14 ilimtosha kugeuka.

Jibu linalotolewa siku zote ni kwamba kilichomgeuza ni hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya mwaka 1973, iliyoifanya haki ya kutoa mimba kuwa ya kikatiba nchi nzima. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti Marekani, ulipitisha azimio la kutaka sheria ziruhusu kutoa mimba pale penye ubakaji, zinaa ya maharimu, kasoro kubwa ya kijusi au hatari kwa afya ya mama, hata afya ya akili. Waliokuwa mstari wa mbele kupinga utoaji mimba wakati huo ni Wakatoliki, na Wabaptisti wengi waliliona jambo lenyewe kuwa la Wakatoliki.

Kilichowakusanya viongozi kwanza ni kodi. Baada ya mahakama kuamuru shule za umma zichanganye watoto weusi na weupe, shule nyingi binafsi za Kikristo zilichipuka Kusini, na serikali ikasema shule inayobagua kwa rangi haistahili msamaha wa kodi. Chuo Kikuu cha Bob Jones, huko Greenville, South Carolina, hakikupokea mwanafunzi mweusi hadi 1971, na hata baada ya hapo kiliwazuia wanafunzi weusi na weupe kuchumbiana, marufuku iliyodumu hadi mwaka 2000. Kilinyang'anywa msamaha wa kodi mwaka 1976. Serikali ya Jimmy Carter ilipotaka mwaka 1978 kuzibana shule nyingine za namna hiyo, barua zaidi ya laki moja za kupinga zilimiminika ofisi ya kodi. Paul Weyrich, mwanamikakati Mkatoliki aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa taasisi ya kihafidhina ya Heritage Foundation na aliyemsukuma Falwell kuanzisha jumuiya yake, alikiri baadaye kwamba alijaribu kwa miaka kuwaamsha wachungaji kwa hoja ya mimba, ya ponografia, ya sala mashuleni, na hawakuamka mpaka serikali ilipogusa shule zao.

Wapo wanahistoria wanaosema maelezo haya yamekolezwa. Wanakumbusha kampeni ya Phyllis Schlafly, Mkatoliki wa Illinois, aliyewakusanya kina mama wa nyumbani wakaizuia ibara ya usawa wa kijinsia isiingie kwenye katiba, na hasira iliyokuwepo tangu Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku sala rasmi katika shule za umma mwaka 1962. Wana hoja. Lakini mimi nikiyapanga yote naona hivi: kodi iliwapa viongozi sababu ya kukaa meza moja, na mimba ikawapa jambo la kuwaambia waumini. Huwezi kujaza kanisa kwa kuhubiri msamaha wa kodi.

Agosti 1980 viongozi hao walikusanyika Dallas na wasikilizaji wapatao 15,000, mgeni wao akiwa Reagan. Aliwaambia kwamba anajua wao hawawezi kumuunga mkono rasmi, ila yeye anawaunga mkono wao. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mpinzani wake, Carter, alikuwa Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili na aliyejitangaza hadharani kuwa amezaliwa mara ya pili. Reagan alikuwa mwigizaji wa zamani aliyekwisha achana na mke wa kwanza, na akiwa gavana wa California mwaka 1967 alitia saini moja ya sheria zilizolegeza masharti ya kutoa mimba. Wakamchagua Reagan. Watu walioshangaa mwaka 2016, wakiuliza waumini wanawezaje kumpigia kura mtu mwenye ndoa tatu, nadhani hawakuutazama vizuri mwaka 1980. Uchamungu wa mgombea haukuwahi kuwa sharti la mkataba.

Ila mkataba wenyewe ulianza kwa hasara. Nafasi ya kwanza ilipopatikana Mahakama ya Juu, mwaka 1981, Reagan alimteua Sandra Day O'Connor. Falwell na wenzake walinung'unika, Seneti ikampitisha kwa kura 99 bila pingamizi. Mwaka 1992 kesi ya Casey ilipofika mahakamani na kila mtu akidhani Roe imefikia mwisho, majaji watatu walioandika pamoja uamuzi wa kuinusuru walikuwa O'Connor, Anthony Kennedy na David Souter. Wawili waliteuliwa na Reagan, mmoja na George Bush baba. Wote watatu waliteuliwa na marais wa Republican waliobebwa na kura za makanisa.

Ndipo wakajifunza kazi. Mhubiri wa televisheni Pat Robertson alikuwa amegombea uteuzi wa urais mwaka 1988, akamshinda Bush katika jimbo la Iowa kabla ya kuangushwa kwingineko. Orodha ya wafuasi wake haikutupwa. Mwaka 1989 ilizaa Christian Coalition, akakabidhiwa kijana wa miaka 28, Ralph Reed. Reed hakupoteza muda na Washington. Aliwapeleka watu kugombea bodi za shule na kamati za chama za kata, mahali ambapo kura mia mbili tatu zinatosha kumpa mtu kiti. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, waumini walipewa mlangoni kikaratasi chenye picha za wagombea wawili na safu ya maswali: utoaji mimba, sala mashuleni, kodi, haki za mashoga. Mbele ya kila swali: anaunga mkono, anapinga. Tangu 1954 sheria imekuwa ikizuia kanisa lenye msamaha wa kodi kumpigia debe mgombea, na kikaratasi hakikumpigia debe mtu. Hakuna neno "mchague" popote. Lakini muumini aliyekisoma kuanzia benchi la kanisa hadi kwenye gari alikuwa ameshajua la kufanya. Mamilioni ya karatasi hizo yalisambazwa kabla ya uchaguzi wa 1994, mwaka ambao Republican walilitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo hadithi za "taifa la Kikristo" zinaificha. Wazungu wa kiinjili si wengi. Kwa hesabu za taasisi ya utafiti ya PRRI walikuwa asilimia 23 ya Wamarekani mwaka 2006, na miaka hii ya karibuni wamekuwa kama asilimia 13 au 14. Wanapungua, wanazeeka. Lakini wanakwenda kupiga kura kuliko wengine, na wanakwenda hata kwenye mchujo wa ndani ya chama, siku ambayo Mmarekani wa kawaida hana habari kwamba kuna uchaguzi. Katika majimbo mengi ya Kusini, anayeshinda mchujo wa Republican ameshashinda kila kitu, na kila jimbo, liwe na watu wengi au wachache, linapeleka maseneta wawili. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka jinsi kura za maoni ndani ya chama zinavyomaliza kazi mapema katika majimbo fulani hahitaji maelezo zaidi.

Na tukisema Wakristo, tuseme Wakristo gani. Waprotestanti weusi wa Marekani wanakwenda kanisani na kusoma Biblia kuliko wazungu wengi, wengi wao ni wahafidhina katika mambo ya ndoa na malezi, na kwa wingi mkubwa wanaipigia kura Democrat. Seneta Raphael Warnock wa Georgia ni mchungaji wa Ebenezer Baptist mjini Atlanta, mimbari aliyosimama Martin Luther King. Mtu akikwambia kwamba imani ndiyo inayowapeleka wazungu wa kiinjili kwa Republican, muulize kwa nini imani hiyo hiyo inawapeleka weusi kwingine. Bila kutaja rangi, hesabu haifungi.

Kilele cha nguvu zao, kwa maoni yangu, hakikuwa 2016 wala 2022. Kilikuwa Oktoba 2005. Rais George W. Bush, mlokole mwenzao, alimteua mwanasheria wake Harriet Miers kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Miers alikuwa muumini wa kanisa la kiinjili huko Dallas, na wasaidizi wa Bush waliwapigia simu viongozi wa dini kuwahakikishia kwamba mama huyu ni mtu wa sala. James Dobson wa Focus on the Family alikubali. Wengine hawakukubali. Wanasheria wahafidhina, na pamoja nao jumuiya kadhaa za kidini, walitaka ushahidi wa maandishi wa jinsi atakavyoamua, wala si ushahidi wa ubatizo wake. Walikuwa wameshadanganywa mara tatu, kwa O'Connor, Kennedy na Souter. Baada ya wiki tatu na ushee Miers alijitoa, na tarehe 31 Oktoba Bush akamteua Samuel Alito. Huyo Alito ndiye aliyeandika hukumu ya Dobbs tarehe 24 Juni 2022, iliyoifuta Roe.

Rais wao, wa chama chao, wa imani yao, aliwataka wanyamaze, nao wakakataa, yeye akarudi nyuma. Sijui tukio jingine linaloonyesha nguvu zao wazi kuliko hilo.

Trump aliisoma historia hii, au alisomewa. Mei 2016, kabla hata hajawa mgombea rasmi, alitoa orodha ya majina ambamo angechagua majaji. Hakuna mgombea urais aliyewahi kufanya hivyo. Orodha ilipitia mikononi mwa Leonard Leo, Mkatoliki wa Federalist Society, jumuiya ya wanasheria wahafidhina, na wataalamu wa Heritage. Wakati huo kiti cha jaji Antonin Scalia, aliyefariki Februari, kilikuwa kitupu, kwa kuwa maseneta wa Republican walikataa hata kumsikiliza Merrick Garland aliyeteuliwa na Barack Obama. Muumini aliyemwona Trump kuwa mtu wa ovyo alikuwa na kiti kimoja cha kuhesabu na orodha ya kusoma. Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett wakafuata, mwaka 2017, 2018 na 2020. Mpiga kura aliyeingia mkataba huo akisema "nitavumilia mengine yote kwa ajili ya majaji" alilipwa kila senti. Wanaomcheka kwamba alidanganyika wanamwonea.

Gharama ilikuwa upande mwingine. Mwaka 1998, Bill Clinton alipokuwa katika kashfa yake ya kimapenzi, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kwamba kuvumilia maovu mazito ya viongozi kunaua dhamiri ya jamii. Mwaka 2011 PRRI iliwauliza wazungu wa kiinjili kama kiongozi aliyefanya uovu katika maisha yake binafsi anaweza kutekeleza wajibu wake wa umma kwa uadilifu. Asilimia 30 walisema ndiyo. Mwaka 2016 swali hilo hilo lilijibiwa ndiyo na asilimia 72. Hakuna kundi lingine la kidini nchini humo lililobadilika kiasi hicho. Biblia haikuwa imepata toleo jipya katika miaka hiyo mitano.

Ilitafutwa tafsiri ya kulibeba badiliko hilo, ikapatikana katika Isaya 45: Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu, ambaye hata hivyo Bwana anamwita masihi wake na kumtumia kuwakomboa Wayahudi. Trump ni Koreshi, wakasema. Hoja hii imesambaa hadi kwenye mimbari zetu. Mimi si mwanatheolojia, ila namwona mwanasiasa anayeambiwa hivyo: ameondolewa wajibu wote. Nabii Nathani alimwendea Daudi akamwambia "wewe ndiwe mtu huyo". Koreshi hana Nathani wa kumsumbua, kwa sababu hakuna aliyetazamia mema kwake tangu mwanzo.

Kuna jambo la hila zaidi, ambalo kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2021. Kati ya 2016 na 2020, kinyume na watu wengi walivyodhani, jina la Trump halikuwafukuza wazungu kwenye uinjili. Liliwavuta. Katika wazungu ambao mwaka 2016 hawakujiita wainjili, waliokuwa wakimpenda Trump ndio walioelekea zaidi kuanza kujiita hivyo. Wapo miongoni mwao ambao kanisani hawaonekani. Kwa hiyo lile kundi ambalo wachungaji walilijenga kwa jasho, wakalipeleka kwenye chama, sasa sehemu yake imejengwa na chama na kuletwa kwenye jina la kanisa. Mchungaji akitofautiana na Trump, baadhi ya kondoo wake hawatashuku siasa zao. Watamshuku yeye. Russell Moore, aliyekuwa mkuu wa kamisheni ya maadili ya Wabaptisti wa Kusini na mkosoaji wa Trump tangu mapema, aliondoka kwenye dhehebu lake mwaka 2021.

Ushindi wa 2022 nao ulikuja na mambo ambayo hayakuwemo kwenye vikaratasi vya Ralph Reed. Wiki sita tu baada ya Dobbs, Kansas, jimbo la Republican kwelikweli, lilipiga kura kuhusu kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yake. Asilimia 59 walikataa kuuondoa. Kisha ikaja Alabama. Februari 2024 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa kwenye mitungi ya maabara ni watoto kisheria, na jaji mkuu Tom Parker akaandika maoni yaliyojaa Maandiko na utakatifu wa uhai. Kimantiki hakukosea: kama uhai huanza yai linaporutubishwa, friza haliwezi kubadilisha jambo. Kliniki zilisimamisha huduma ndani ya siku chache. Wanandoa waliokuwa wakisubiri mimba wakaambiwa warudi nyumbani, na miongoni mwao walikuwemo wanaosali Jumapili. Trump akatangaza haraka kwamba anaunga mkono upandikizaji mimba. Bunge la Alabama, lenye Republican tele, likapitisha sheria ya kuzikinga kliniki mapema Machi. Ilipofika mahali imani iwagharimu wapiga kura wenyewe, chama kilihesabu kura. Ilani ya Milwaukee ilifuata miezi minne baadaye.

Huku kwetu tunalo la kusema katika hili, kwa maana tumekuwa ndani ya hesabu hizo bila kupiga kura. Mwaka 2002 Franklin Graham aliitisha mkutano wa Kikristo kuhusu ukimwi mjini Washington, na seneta Jesse Helms wa North Carolina, aliyepinga fedha za ukimwi kwa miaka, alikiri kuona aibu kwa kutofanya lolote. Mwaka uliofuata Bush alitangaza PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa katika nchi za mwanzo. Fedha zilikuja na masharti ya walokole, likiwemo la kutenga theluthi ya fedha za kinga kwa kuhimiza watu wajiepushe na ngono, sharti lililoondolewa 2008, na wataalamu wetu walilipigia kelele. Ila dawa za kufubaza virusi zilifika kliniki za ukimwi, CTC, na walio hai leo kwa ajili yake ni wengi. Yeyote anayeandika kuhusu mrengo huu akaruka sura hiyo hatendi haki.

Kulikuwa na sura nyingine. Sera inayonyima fedha shirika lolote la nje linalohusika na utoaji mimba, iliyoanzishwa na Reagan 1984, imekuwa ikifutwa na kila rais wa Democrat na kurudishwa na kila wa Republican, na zahanati za uzazi wa mpango Kenya zilifungwa baada ya Bush kuirudisha 2001. Machi 2009 Mmarekani Scott Lively alihutubia mkutano Kampala kuhusu ushoga, na Oktoba mwaka huo mbunge David Bahati akapeleka bungeni muswada wake dhidi ya ushoga, ingawa kusema Waganda walitumwa ni kuwavunjia heshima. Walikuwa na sababu zao na siasa zao. Mwaka 2010 kituo cha sheria kilichofunguliwa Nairobi na shirika lililoasisiwa na Pat Robertson kilipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba. Wakenya waliipitisha kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura.

Lakini linganisha 2003 na 2025. Mwaka 2023 PEPFAR ilikwama Kongresi ilipohitaji kuidhinishwa upya, kwa sababu Heritage na wapinga utoaji mimba walidai fedha zake zinasaidia utoaji mimba. Ikapewa nyongeza ya mwaka mmoja tu. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akasimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Wahudumu wa miradi ya ukimwi Tanzania na Kenya walipokea barua za kusimamishwa kazi, na Catholic Relief Services, shirika la maaskofu Wakatoliki wa Marekani, likapunguza wafanyakazi wake. Huu ulikuwa mradi uliopiganiwa na walokole wa Marekani wenyewe, wema mkubwa kuliko wote waliowahi kuufanya katika siasa. Baadhi yao walilia, na maseneta wa Republican wachache walifanikiwa Julai kuokoa dola milioni 400 za PEPFAR zisikatwe. Uasi wa aina ya Miers haukutokea.

Najua nitakachojibiwa. Ubalozi ulihamishiwa Jerusalem mwaka 2018, na Trump mwenyewe alisema kwenye mkutano wa kampeni Wisconsin, Agosti 2020, kwamba hiyo ilikuwa kwa ajili ya wainjili. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliruhusu kocha wa mpira wa shule ya umma kusali katikati ya uwanja na kulilazimisha jimbo la Maine kulipia karo katika shule za dini. Louisiana imepitisha sheria ya kubandika Amri Kumi madarasani. Februari 2025 ikulu ilifungua ofisi ya imani chini ya mhubiri Paula White. Spika Mike Johnson ni Mbaptisti wa Kusini aliyesema anayetaka kujua msimamo wake akasome Biblia. Haya si madogo. Ila yaangalie upya utaona yana tabia moja: hayamgharimu Trump kura. Kocha akisali, hakuna mwanamke wa Pennsylvania anayebadilisha chama. Yale yanayogharimu, wanapewa majibu mengine.

Kipimo kizuri ni vidonge. Baada ya Dobbs utoaji mimba Marekani haukupungua. Mwaka 2023 ulizidi milioni moja, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kwa zaidi ya miaka kumi, na zaidi ya nusu ulifanyika kwa vidonge, baadhi vikitumwa kwa posta hadi majimbo yenye marufuku. Wapinga utoaji mimba wanajua hilo, na kwa miaka mitatu ombi lao kubwa kwa serikali limekuwa mifepristone, dawa ya vidonge hivyo, ibanwe. Mwisho wa Septemba 2025, mamlaka ya dawa ya serikali ya Trump iliidhinisha kampuni nyingine itengeneze mifepristone ya bei nafuu. Seneta Josh Hawley alisema amepoteza imani na viongozi wa mamlaka hiyo. Jumuiya za kupinga utoaji mimba zilitoa matamko makali. Nilizifuatilia taarifa zao nikitafuta hata moja inayosema kwamba kura za waumini katika uchaguzi wa 2026 zitategemea jambo hili. Sikuiona.